Ukwaju Uliochacha Arusini Chukwani

Siku niliyostaafu, vijana wa kiwandani walinizawadia saa ya ukutani. Nadhani walitaka nione vizuri namna muda unavyokwenda, sasa ambapo mimi sina pa kwenda. Nawashukuru. Halafu wakanambia, "Bi. Mize, tuandikie basi uliyoyaona, tuwape na wenzetu wanaotaka kufungua biashara za vinywaji." Maana siku hizi hapa Unguja kila kijana mwenye simu na blenda ana kampuni ya juisi. Wengine hata hiyo blenda wameazima.

Basi naandika. Anayetaka habari za vyeo akamuulize mtu mwengine. Mimi nilianza nikiwa mchemshaji ukwaju na nimemaliza nikiwa mchemshaji ukwaju, isipokuwa mwishoni nilivishwa koti jeupe, na watu wakaanza kuniamkia kama daktari.

Kabla ya hapo nilikuwa natengeneza sharubati za maulidi na arusi mtaani kwetu Mwanakwerekwe. Watu walikunywa, wakasifu, wakaondoka na gilasi zangu. Siku moja kwenye maulidi akatokea bwana mrefu, kanzu imepigwa pasi mpaka unaogopa kuisogelea, akanywa gilasi ya kwanza, ya pili na ya tatu, kisha akauliza nani katengeneza. Huyo ndiye Nassor. Ukoo wao zamani ulikuwa na mashamba na maduka. Yeye alibakiwa na nyumba ya Kiponda, Mji Mkongwe, yenye mlango mzuri wa nakshi na paa linalovuja. Alikuwa ameishi Maskati muda mrefu, akarudi na mizigo miwili: sanduku dogo la nguo na mzigo mkubwa wa mawazo.

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika Kiponda asubuhi, nimejifunga kanga kiunoni, tayari kwa kazi. Nassor alinipokea mlangoni mwenyewe.

"Karibu, Bi. Mize. Hii ndiyo ofisi."

Ofisi ilikuwa na meza pana, kiti cha kuzunguka na feni mbili. Ukutani palitundikwa picha ya simba aliyevaa taji, kasimama baina ya minara, na chini yake maandishi ya dhahabu: Sultani wa Visiwa. Fulana zenye simba zilikuwa zishachapishwa. Kofia zenye simba zilikuwa zishachapishwa. Karatasi za kubandika kwenye chupa zilijaa maboksi mpaka darini.

"Jina hili nimelifikiria mwaka mzima," akasema.

"Linapendeza. Maji yako wapi?"

"Maji gani?"

"Ya ukwaju, Bwana Nassor."

Akanipeleka uani, akafungua bomba. Bomba likakohoa, likatoa upepo, likatema tone moja la rangi ya chai, likanyamaza.

"Kwa kawaida yanakuja," akasema.

Ndugu zangu wenye makampuni, kinywaji ni maji. Vyengine vyote ni maneno tunayoyatia ndani ya maji. Kabla hujamchora simba, nunua tangi. Kabla hujachapisha fulana, jua maji yako yanatoka wapi, yana chumvi kiasi gani, na siku yasipotoka utafanya nini. Sisi tulianza kwa kuyanunua kwa madumu, tukayachemsha, tukayapoza, tukayachuja kwa kitambaa cha melimeli, na simba akiwa anatutazama tu kutoka ukutani.

Huyo simba naye hakudumu. Zile karatasi hazikuwa za kuhimili maji. Tulipopeleka chupa zetu za mwanzo dukani na kuziweka kwenye barafu, baada ya muda simba wote walibanduka wakawa wanaogelea. Wateja wakitia mkono, wanatoa chupa isiyo na jina na simba amewaganda kiganjani. Kwa hivyo watu wakaanza kusema, "Nipe ule ukwaju wa Nassor." Jina la mwaka mzima likafa, na jina la bure likabaki mpaka leo. Linganisha mwenyewe.

Aliyetufundisha kazi ni Mzee Kombo. Alikuwa amejaza soda kiwandani maisha yake yote, na sikio lake moja lilishakufa kwa kelele za chupa. Nassor alimwomba aje kuwa mshauri. Mzee akakubali kuja, akakataa kuwa mshauri. "Mshauri," alisema, "ni mtu anayeondoka kabla chupa hazijapasuka."

Siku alipofika mimi nilikuwa nimeshajiona bingwa. Nikamtilia ukwaju gilasi, nikasubiri sifa. Akanywa taratibu.

"Mtamu. Na wa jana ulikuwa hivi hivi?"

"Inategemea mkono," nikamjibu kwa maringo.

"Mkono wa nani?"

"Wangu."

"Na mkono ukiuma, tufunge kiwanda?"

Nilinuna. Sikumsemesha siku nzima, na kwa kuwa nilikaa upande wa sikio lililokufa, sijui kama aliona tofauti. Kesho yake nikaanza kupima: ukwaju kwa mizani, maji kwa ndoo yenye alama, sukari kwa mizani, moto kwa kipimajoto. Akanitupia na sufuria langu nililolipenda, maana ukwaju ni mkali, hulila sufuria la kawaida na ladha ya chuma ikaingia kinywajini. Akamshikilia Nassor mpaka likaja la stili. Na akatufundisha kunusa chupa. Kila chupa iliyooshwa, kabla haijajazwa, ilipita chini ya pua ya mtu. Wageni waliotutembelea walidhani tuna mafua. Lakini chupa husema: hii ilitiwa mafuta ya taa, hii haikusuuzwa sabuni, hii amelala mende ndani. Fundisha pua zako. Hazihitaji umeme.

Nassor yeye alikuwa na ugonjwa wa waanzilishi wote: kila Jumatatu kinywaji kipya. Alikwenda Kidichi kununua mdalasini akarudi na mchaichai, majani ya mlimau na fikra. Tulichemsha tende na kahawa. Tulichemsha embe na karafuu, kinywaji kilichokuwa na ladha ya embe lililotoka kung'olewa jino. Nikamwambia, "Bwana Nassor, tuuze kimoja mpaka watu wakizoee." Akasema mimi sina upeo wa mbali. Kweli sikuwa nao. Nilikuwa na masufuria ya kuosha.

Na waonjaji wake walikuwa jamaa zake. Kila Ijumaa walikuja kutupa maoni, na kila mmoja alikuja na dumu la kuchukulia maoni hayo nyumbani. Hakuna aliyesema kibaya hata kwa kile cha embe. Ukitaka kujua kinywaji chako kikoje, mpe mtu asiyekujua na asiyekupenda, kisha tazama gilasi na si uso. Uso una adabu. Gilasi ikibaki nusu, imeshakujibu.

Kidogo kidogo tukabaki na ukwaju na tangawizi, tukatulia. Mzee Kombo alifariki, Mungu amrehemu, ametuacha tunanusa. Mahoteli yakaanza kutuita. Meneja mmoja alitaka ukwaju usio mkali, usio na rangi, na usionuka ukwaju. Nikamwambia bidhaa hiyo ipo, inaitwa maji. Nassor alinikanyaga mguu chini ya meza. Yeye ndiye aliyejua kuzungumza na watu, lazima niseme. Alijua nani kafiwa, nani kapata mjukuu, nani hatumii sukari. Mimi nilijua moto, yeye alijua watu, na nyote mnaodhani mtafungua biashara mkijua kimoja tu, nawatakia kheri.

Sasa nije kwenye ile arusi, maana najua ndiyo mnayoingoja.

Alikuwapo bwana mmoja wa Chukwani, nitamwita Bwana Seif, muuzaji wa saruji na mabati, mwenye nyumba ya ghorofa iliyokuwa haijesha kujengwa tangu nimjue. Alikuwa anamuoza binti yake, akaagiza ukwaju kwa wageni wote. Ilikuwa wakati wa kaskazi, joto la kumtoa mtu ngozi. Ukwaju wetu haukuwa na dawa ya kuuhifadhi wala gesi. Ulitaka baridi mpaka dakika ya kunywewa. Nassor akamwambia tutauleta asubuhi ya siku yenyewe.

"Asubuhi ya arusi nna mambo mengi, yakhe," Bwana Seif akasema. "Nleteeni siku ya kabla. Friza nnazo mbili kubwa."

"Lazima uingie friza moja kwa moja," nikasema mimi.

"Bi. Mize, mimi nauza mabati. Friza siijui?"

Tukapeleka siku ya kabla. Tukamkabidhi mwenyewe, akaitikia kwa kichwa, akatuaga.

Siku ya pili mimi nilikuwa uani na wanawake wenzangu wa kiwandani, tukisaidia kupakua. Wanaume wamekaa mbele ya nyumba chini ya turubai, nikaha imeshasomwa, dua imeshaombwa. Bibi arusi yuko ghorofani na mashoga zake. Chupa zikaanza kugawiwa. Mara tukasikia *paa!* Kisha nyengine, *paa!* Nikadhani watoto wanachezea mabaluni. Kumbe ni vizibo vyangu. Kimoja kiliruka kikampiga mzee mmoja kwenye kofia, ikaanguka kwenye sahani ya halua.

Na balaa lenyewe ni kwamba watu waliupenda. Ulikuwa na povu, unachoma ulimi vizuri. Nikasikia sauti za kiume, "Ala! Nassor siku hizi anatia gesi!" Mzee wa kofia akaomba chupa ya pili.

Kisha kukawa kimya. Nikachungulia penye pazia. Imamu aliyesomesha nikaha alikuwa kaishika chupa yake karibu na pua. Aliiweka chini, mbali kidogo na mkeka, kama mtu anavyoweka kitu asichotaka kimguse kanzu. Waliokaa karibu naye wakaziweka zao. Kimya kile kikatembea safu kwa safu mpaka nyuma.

Nyinyi ambao hamjawahi kuuza kinywaji kisiwani hapa, fahamuni maana ya kimya kile. Chumvi ikizidi, watu watacheka. Sukari ikipungua, watalalamika. Lakini ikisemwa kuwa kinywaji cha Nassor kinalevya, na kimenywewa kwenye nikaha, basi funga mlango, uza masufuria, hama mtaa. Tulikuwa wanawake tunaolisha nyumba zetu kwa kiwanda kile, wengine wajane.

Nassor akaja uani mbio, jasho limemroesha kanzu.

"Bi. Mize, nambie kweli. Unalevya?"

"Haulevyi. Umeanza kuchacha. Lakini mimi si sheikh, na leo si siku ya kubahatisha."

"Umekuwaje? Si uliingia friza?"

Tukaenda kutazama. Friza zote mbili zilikuwa zimejaa kuku, wamelala kwa raha. Makreti yetu yalikuwa yamewekwa stoo, na ukuta wa stoo ndio ukuta wa jiko, ambako masufuria ya pilau yalikuwa juu ya kuni tangu jana yake. Nikaweka kiganja ukutani nikakiondoa upesi. Mpishi akasema bila ya kugeuka, "Bwana Seif mwenyewe alisema zitolewe, kuku wataharibika."

Mimi nikapata nguvu mpya. "Haya!" nikamwambia Nassor. "Kawaambie. Kasema friza anaijua, kaupika ukwaju wetu pamoja na pilau. Kawaambie wote wasikie."

Nassor akajifuta uso kwa kilemba chake, akatoka stoo, akatazama juu kidogo, kisha akaenda mbele. Nikarudi penye pazia nisikose hata neno.

Akasimama katikati ya mikeka. "Jamaa zangu, assalaam alaykum. Mimi ndiye Nassor. Ukwaju huu ni wangu, na umeharibika. Naomba msinywe. Mliokwisha kunywa, nnakuombeni radhi."

"Umeharibikaje na mtamu namna hii?" akauliza yule mzee wa kofia, na wachache wakacheka.

Imamu hakucheka. "Bwana Nassor," akasema, "ulitoka kwako ukiwa hivi?"

Bwana Seif alikuwa amekaa ubavuni mwake. Akainama akaanza kuusoma mkeka. Sijapata kumuona mtu akiusoma mkeka kwa makini vile.

"Sheikh," Nassor akajibu, "chupa ina jina langu. Kilichomo ndani ni changu."

Imamu akamtazama kwa muda. "Basi umwage," akasema.

Tukaumwaga. Kreti baada ya kreti, nyuma ya nyumba, mchanga ukitoa povu. Wakati huo huo nikawatuma wanawake kwa majirani. Ndimu zote za mtaa zilichumwa, zikakamuliwa kwenye ndoo na sukari na barafu, na arusi ikanywa maji ya ndimu. Mzee wa kofia alisema ule mwanzo ulikuwa bora. Nilimnyima gilasi ya pili.

Habari zilikimbia kuliko gari yetu. Ziliposhuka soko la Mwanakwerekwe, nusu ya wageni walikuwa wamelewa. Zilipofika Makunduchi kwa dada yangu, imamu mwenyewe alionekana akicheza. Maduka yakarudisha chupa. Hoteli zikasema zitatupigia. Watoto wa Kiponda wakimuona Nassor wanaigiza kupepesuka. Na Bwana Seif? Bwana Seif alikuwa akimsimulia kila aliyenunua mfuko wa saruji namna Nassor alivyotaka kumharibia arusi. Nilimwambia Nassor niende mimi nikaseme dukani kwake, mbele ya mabati yake. Akanikataza. Nikamwambia wema wake utatuua sote. Akasema, "Labda." Hilo ndilo lililokuwa jibu lake, na sisi tukaendelea kuja kazini kuosha chupa zilizokuwa safi.

Asubuhi moja nikasikia hodi mlangoni. Ni imamu. Peke yake, na bakora yake.

"Shikamoo, sheikh."

"Marahaba. Nimekuja kutazama mnavyofanya."

"Nini, sheikh?"

"Yote."

Tukampa kreti akakaa, maana kile kiti cha kuzunguka kilishavunjika zamani. Nikachemsha ukwaju mbele yake kutoka mwanzo. Aliuliza kila kitu. Hii fimbo ya kioo ni ya nini? Kwa nini mnanusa? Mkichelewa kupoza inakuwaje? Moto ulikuwa mkali, ndevu zake zinadondoka jasho, wala hakusogea. Mvuke ulipopanda alifunga macho. Nikadhani kasinzia, kumbe ananusa na yeye. Mwisho tukampa gilasi yenye barafu. Akanywa yote.

"Mtamu," akasema. "Sukari mmezidisha." Kisha akaigeuza gilasi mkononi. "Na huu huu, mtu akiuweka usiku kucha karibu na moto, utakuwaje?"

Nikafungua mdomo. Nassor akanitazama. Nikaufunga.

"Utachacha, sheikh," akasema Nassor.

"Aha." Imamu akashika bakora yake, akainuka. "Maulidi yetu ni mwezi ujao. Mtatuletea. Asubuhi ya siku yenyewe, si kabla."

Na kwenye maulidi hayo alisimama mbele ya watu, akafungua chupa ya kwanza, akasema bismillahi, akainywa polepole mpaka tone la mwisho. Hakutoa hotuba. Maduka yalianza kuagiza wiki ile ile, na yale mahoteli yaliyokuwa yatatupigia yakakumbuka namba.

Tangu hapo tulikuwa wakali. Kila chupa iliandikwa siku iliyojazwa na maneno WEKA BARIDI, kwa Kiswahili, makubwa kuliko jina. Tulikwenda wenyewe kutazama friza ya mteja, tukaifungua, tukatia mkono ndani. Wengine walikasirika wakatuita wapelelezi. Aliyekataa kufungua friza hakupata ukwaju, hata awe nani. Mnaoanza sasa, mtaambiwa mteja ni mfalme. Sawa. Mfungulieni mfalme friza yake.

Miaka ikaenda. Nassor akachoka magoti, akamwachia kiwanda binti yake, Zuhura, ambaye anaijua kazi na ana sauti kuliko baba yake. Siku aliyokabidhi funguo tulikaa sote wawili barazani Kiponda, alasiri, hatuna la kufanya, jambo lililotushangaza. Bwana Seif alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na hakuwahi kukiri kuwa kosa lilikuwa lake. Nikaona sasa naweza kuuliza.

"Bwana Nassor, siku ile Chukwani. Kwa nini hukusema?"

Hakuuliza siku gani.

"Nilipotoka stoo niliangalia juu," akasema. "Yule binti alikuwa dirishani, kafungua pazia kidogo. Mikono yote ina hina. Anatazama mbona watu wamenyamaza." Akanyoosha goti lake bovu. "Ningesema, baba yake angenijibu. Mimi ningemrudishia. Tungegombana pale pale mbele ya wakwe zake, kwa ajili ya ukwaju."

"Ungetufungia kiwanda, Bwana Nassor. Sote tungekwenda nyumbani."

"Najua."

"Kwa mfanyabiashara huo ni ujinga mkubwa."

"Najua, Bi. Mize. Ukwaju ningechemsha mwengine." Akafikiri kidogo, akanitazama. "Yaani, ungechemsha wewe."